Nyenje wa Mitini wa Amerika Kaskazini: Namna ya Kumtambua kwa Alama za Vipapasio, Mlio na Mahali Anapoishi

Kila mwaka ikifika katikati ya Agosti hapa Columbus, Ohio, jua likishazama kichaka kilicho kando ya maegesho yetu huanza kulia. Ni mlio laini wa mpigo uleule, unakuja na kwenda, unakuja na kwenda, kana kwamba kichaka kizima kinapumua. Usiku mmoja jirani yangu, mama aliyetoka Bukavu, aliniuliza akiwa dirishani: "Baba, ile kitu inalia usiku yote ni nini?" Alikuwa ameshawaambia watoto wake kuwa ni transfoma ya umeme. Nikachukua tochi, tukashuka wote, na baada ya kutafuta sana tukamwona: mdudu mwembamba wa kijani kilichopauka, hata sentimita mbili hafiki, amesimamisha mabawa wima kama tanga, yanatetema mpaka kingo zake hazionekani.

Huyo ni nyenje wa mitini. Nyenje tuliokua nao nyumbani wengi ni weusi au wa kahawia, wa mashimoni na pembe za jikoni. Huyu ni wa ukoo mwingine, Oecanthinae, na maisha yake yote ni ya juu ya majani na matawi. Marekani na Kanada zina spishi zake kama ishirini hivi. Ukiwatazama kutoka juu, wengi wao hufanana kama mapacha. Ukijua pa kutazama, karibu kila mmoja amebeba jina lake usoni.

Mwongozo huu nimeuandika kwa Waswahili wenzangu wanaoishi huku, hasa wenye watoto wanaoleta wadudu ndani ya vikombe na kuuliza maswali. Spishi hizi hazina majina ya Kiswahili, kwa hiyo pamoja na jina la kisayansi nitatoa jina la nyumbani tunalotumia sisi. Ukiona lako linafaa zaidi, tumia lako.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye

Vichaka vya Agosti vimejaa wadudu wa kijani. Wanaochanganywa naye zaidi ni ndugu wa senene. Aliyewahi kuchambua senene anajua mabawa yao yanavyokaa: yamesimama pande mbili za mgongo kama paa la nyumba, na kichwa kimeinama. Nyenje wa mitini dume, asipokuwa analia, mabawa yake yamelala bapa mgongoni, mapana, yanapitisha mwanga, na kichwa chake kimenyooka kuelekea mbele. Vipapasio ni virefu kuliko mwili.

Jike hana mabawa mapana. Yake ni membamba na yameuzungukia mwili kama kanga iliyofungwa vizuri, na nyuma ana mrija wa kutagia ulionyooka. Jike halii. Kwa hiyo ukimpata anayelia, ni dume, na ukimpata jike itabidi utegemee alama peke yake, au umkute na mwenzake. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Dume ana tezi mgongoni, chini ya mabawa, inayotoa majimaji, naye jike humpanda mgongoni kuyalamba. Ukiwakuta hivyo usiwashtue. Piga picha zote unazoweza, kwa sababu umepata alama za jike na mlio wa dume kwa mara moja.

Asiye na mabawa kamili ni tunutu, yaani bado mtoto. Mpe wiki chache. Mimi sithubutu kumpa tunutu jina kwa alama pekee.

Hatua ya 2: Mkamate bila kumuumiza

Toka saa moja au mbili baada ya giza kuingia, usiku usio na baridi. Fuata mlio taratibu. Ukikaribia atanyamaza. Simama hapohapo, zima tochi, hesabu mpaka mia. Akianza tena, sogea hatua mbili. Sauti yake ina hila: ukigeuza kichwa kidogo tu utadhani amehama. Tega sikio moja kisha jingine, kama unavyotafuta simu inayoita ndani ya nyumba. Wawili wakitafuta pamoja, kila mmoja upande wake wa kichaka na kila mmoja akinyoosha kidole anakosikia, mnampata mahali vidole vinapokutana.

Kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga kinatosha. Mfunike kwa kikombe kutoka mbele, mswage kwa kadi au mfuniko kutoka nyuma. Usimshike kwa vidole, miguu yake ya nyuma hukatika upesi. Ndani ya kikombe weka jani moja la mmea uleule uliomkuta nao, na andika jina la mmea huo saa hiyohiyo, maana utalihitaji.

Nyumbani weka kikombe chote ndani ya jokofu kwa dakika nne au tano, chini kabisa na si kwenye friza. Akitoka atakuwa amepoa, atatulia juu ya ukuta wa kikombe, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Hatua ya 3: Anza na ramani kabla ya mdudu

Wengi huanza na rangi. Mimi nakuomba uanze na mahali uliposimama, kwa sababu ramani pekee itakupunguzia nusu ya majina.

Ukiwa mashariki, tuseme Ohio, Pennsylvania, New York au Virginia, utakaokutana nao zaidi ni hawa: Oecanthus fultoni, ambaye sisi tunamwita nyenje theluji, O. niveus, mabawa membamba, O. exclamationis, wa alama ya mshangao, O. quadripunctatus, madoa manne, O. nigricornis, pembe nyeusi, pamoja na pacha wake O. forbesi, O. latipennis, mabawa mapana, hasa ukishuka kusini kidogo, O. pini, wa misonobari. Na Neoxabea bipunctata, madoa mawili.

Ukiwa Florida, mfute fultoni katika rasi yote, na madoa manne pia. Nafasi ya madoa manne inashikwa na O. celerinictus, mwenda kasi. Ukiwa California au Oregon, orodha inabadilika kabisa: kuna O. rileyi, anayefanana sana na nyenje theluji, na O. californicus. Texas ni bahari ya peke yake. Kule kusini kuna O. varicornis na O. leptogrammus, na mwaka 2013 ndipo wanasayansi walipomtenga na kumpa jina O. texensis, ambaye miaka yote alikuwa akihesabiwa kuwa ni nyenje theluji. Miaka mitatu kabla yake alitengwa O. alexanderi wa majimbo ya katikati kwa namna hiyohiyo. Aliyepo Texas asijione mjinga akikwama. Waliosomea wamekwama hapohapo.

Maziwa Makuu ya huku Amerika yana mgeni wake, O. laricis, anayeishi kwenye miti ya tamaraki na hemloki. Michigan na Ohio anapatikana, lakini usimtafute kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba.

Na hapa niseme jambo ambalo nimeulizwa zaidi ya mara moja na ndugu wa nyumbani: alama hizi usizipeleke Morogoro wala Kakamega. Afrika ina nyenje wake wa mitini wa jenasi hiihii ya Oecanthus, na spishi zake ni nyingine. Mmoja wa Afrika Kusini, O. burmeisteri, hutoboa tundu kwenye jani, akapenyeza mabawa hapo na kulifanya jani zima kuwa kipaza sauti. Wao wanastahili mwongozo wao.

Hatua ya 4: Tazama chini ya vipapasio

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipapasio kimejengwa kwa pingili nyingi ndogondogo. Achana nazo zote isipokuwa mbili za kwanza, zile zinazotokea moja kwa moja usoni. Ya kwanza ni nene, ya pili ni ndogo iliyokaa juu yake. Alama unazozitaka ziko upande wa mbele na wa chini wa pingili hizo. Kutoka juu huzioni. Msimu wangu wa kwanza nilipiga picha zaidi ya arobaini, zote za mgongo, zote nzuri za kutundika ukutani, na hakuna hata moja iliyonipa jina.

Kwa hiyo subiri mdudu akanyage ukuta wa kikombe tumbo likikuelekea. Leta lenzi ya kukuza mara kumi, au kamera ya simu karibu kadiri inavyokubali, na mwanga utoke pembeni ili plastiki isimeremete. Sasa unamtazama uso kwa uso. Macho mawili, katikati yao vitako viwili vyeupe vya vipapasio, na juu ya weupe huo kuna wino mweusi. Usome hivi.

Doa moja la mviringo, au yai fupi, kwenye kila pingili, na lile la kwanza limekaa juu ya uvimbe mdogo mweupe: huyu ni nyenje theluji, O. fultoni. Magharibi mwa nchi kumbuka pia rileyi, katikati na Texas kumbuka alexanderi na texensis. Kundi hili lote lina madoa ya namna hii.

Pingili ya kwanza ina mstari uliopinda mwishoni kama ndoano, herufi J kamili: mabawa membamba, O. niveus. Hii ndiyo alama rahisi kuliko zote. Ukiiona mara moja hutaisahau. Kichwani kwake mara nyingi kuna kofia ya rangi ya chungwa, lakini nyenje theluji naye huwa nayo, kwa hiyo kofia isikudanganye.

Pingili ya kwanza ina mstari mrefu ulionyooka, ya pili ina kidoa kifupi juu yake: soma kama ulivyofundishwa shule, ni alama ya mshangao. O. exclamationis. Aliyempa jina alikuwa amemtazama vizuri.

Kila pingili ina alama mbili, zikawa nne kwa kila kipapasio: uko kwenye kundi la nigricornis. Sasa pima unene wa wino. Kama alama zimetengana vizuri, na ile ya nje kwenye pingili ya kwanza ni nyembamba au imefifia kuliko ya ndani, elekea madoa manne, O. quadripunctatus. Kama ni pana, nzito, zimegusana au zimemwagikiana mpaka pingili karibu yote ni nyeusi, elekea pembe nyeusi au forbesi. Katikati ya hao wawili kuna watu wa kati ambao wino wao haueleweki, na hao tutawaamua kwa tumbo katika hatua inayofuata.

Hakuna alama yoyote, ila msingi wa vipapasio na utosi vina wekundu wa zambarau, kama mtu aliyepakwa maji ya rasiberi: mabawa mapana, O. latipennis. Dume wake ana mabawa mapana kweli, na ukimkuta amekaa kwenye jani la mzabibu usiku wa Septemba utaelewa kwa nini watu huacha kulala kwa ajili ya wadudu.

Tahadhari moja. Kuna watu hutazama kipapasio kimoja tu, tena chenye kivuli. Tazama vyote viwili. Kivuli cha jicho kikianguka juu ya pingili ya kwanza kinaweza kuligeuza doa la mviringo likawa mstari, nawe ukaondoka na jina lisilo lake.

Hatua ya 5: Tumbo, miguu na mgongo

Mgeuze, au mtazame kwa chini akiwa bado ukutani mwa kikombe. Tumbo la madoa manne limepauka, kijani au njano isiyo na mawaa. Tumbo la pembe nyeusi na forbesi kwa kawaida ni jeusi upande wa chini. Kwa wale wa wino wa kati, mimi huliamini tumbo kuliko vipapasio.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Kwenye uwanda wa magugu ya goldenrod nyuma ya nyumba ya rafiki yangu nilimkamata dume mwenye alama nne zilizotengana kiasi, nikaandika madoa manne, nikamwachia. Wiki moja baadaye nikizikuza picha niliona ukingo wa tumbo lake: mweusi tii. Jina lilikuwa kosa, na mdudu alishaondoka. Tangu siku hiyo hakuna anayetoka kwenye kikombe changu kabla sijapiga picha ya tumbo.

Pembe nyeusi na forbesi hubadilikabadilika. Wapo ambao kichwa, vipapasio na miguu vyote ni vyeusi, na juu ya shingo wana mistari mitatu ya giza. Wapo waliopauka kiasi kwamba weusi umebaki usoni na tumboni tu. Rangi ya mwili mzima ni kidokezo, haitoshi kutoa jina.

Wa misonobari utamtambua hata bila lenzi: kichwa na shingo vya kahawia, mabawa ya kijani. Akikaa kwenye kitawi, kahawia yake inalingana na gome na kijani chake kinalingana na sindano. Laricis naye ana kichwa cha kahawia, na hapo mti uliomtoa ndio unaokuamulia.

Madoa mawili, Neoxabea bipunctata, ana njia yake. Mwili wake una rangi ya udongo mwepesi uliochanganyika na waridi, si kijani. Jike ana madoa ya giza juu ya mabawa, na dume hana, jambo linalowapoteza wengi wanaotafuta "madoa mawili" kwa dume. Kwa hiyo tazama miundi ya miguu ya nyuma. Oecanthus wote wana vijiba na miiba midogo kwenye muundi wa nyuma. Neoxabea ni laini. Pia pingili yake ya kwanza ya kipapasio imeota kijino butu kwa mbele. Ukikuta muundi laini na kijino, maliza kazi, umempata.

Hatua ya 6: Mmea uliomkuta nao

Sasa lile jina la mmea uliloandika linaingia kazini. Nyenje theluji hupenda vichaka, miti ya majani mapana na mimea inayotambaa. Mabawa membamba yuko kwenye miti na vichaka pia, mtufaha ukiwemo. Wa alama ya mshangao hukaa juu sana, kwenye vilele vya mialoni, ndiyo maana husikika kuliko kuonekana, na njia nzuri ya kumpata ni kukagua chini ya taa au baada ya upepo mkali. Madoa manne ni wa mashamba yaliyoachwa, goldenrod, karoti mwitu na mashamba ya lusini, yaani alfalfa. Pembe nyeusi na forbesi ni wa magugu marefu na vichaka vya rasiberi. Wa misonobari hukaa kwenye msonobari.

Usiupe mmea neno la mwisho. Wadudu huruka, upepo huwabeba, na taa huwaita. Lakini ukijikuta unataka kuandika "madoa manne" kwa mdudu aliyetoka kileleni mwa mwaloni, rudi kwenye picha zako.

Hatua ya 7: Sikiliza

Gawa milio yote mafungu mawili: wanaokatakata na wanaofululiza.

Anayekatakata kwa mpigo sawa, kri, kri, kri, na walio jirani wakalia naye kwa pamoja kama kwaya, ni nyenje theluji. Ndiye aliyekuwa kichakani kwetu. Kwa kasi ya mlio wake unaweza kujua joto la usiku. Mwaka 1897 Amos Dolbear, profesa wa fizikia, alichapisha kanuni ya kukadiria joto kwa kuhesabu milio ya nyenje. Kwa matumizi ya kawaida mashariki mwa Marekani hesabu hivi: milio ndani ya sekunde 13, jumlisha 40, umepata nyuzi za Farenihaiti. Ukihesabu 30, joto ni kama 70, sawa na 21 za Selsiasi. Mimi huitumia kinyume. Nina kipimajoto mfukoni, na kama hesabu na kipimajoto vimepishana sana, basi huyo ninayemsikiliza pengine si fultoni, au nimehesabu wawili kwa pamoja. Rudia mara tatu kabla ya kuamua.

Mabawa membamba hulia mlio wa mfululizo wa sekunde chache, akakata, akaanza tena, na urefu wa kila kipande hautabiriki. Ukimsikia kwa muda mfupi utamchanganya na wengine, kwa hiyo mpe dakika nzima. Wanaofululiza bila kukata ni wa kundi la nigricornis pamoja na mabawa mapana, ambaye sauti yake ni nene na tamu kuliko ya wengine.

Na sasa pacha. Pembe nyeusi na forbesi hawatofautiki kwa alama. Narudia: hawatofautiki kwa alama. Lenzi yoyote, picha yoyote, haitakusaidia. Tofauti iko kwenye kasi ya mapigo ndani ya mlio wao mrefu. Forbesi hupiga haraka kuliko pembe nyeusi kwenye joto lilelile. Vivyo hivyo mwenda kasi, O. celerinictus, na madoa manne: jina lenyewe limekwambia nani anakimbia. Mapigo haya ni mengi mno kwa sikio, hivyo fanya hivi:

Rekodi kwa simu kwa nusu dakika, kipaza sauti kikimwelekea mdudu, usiku usio na upepo. Sema kwa sauti mwishoni mwa rekodi joto la hewa pale alipo mdudu. Rekodi isiyo na joto haina thamani kwa pacha hawa, kwa sababu forbesi wa usiku wa baridi anaweza kulia polepole kama pembe nyeusi wa usiku wa joto. Fungua sauti hiyo kwenye kompyuta kwa programu kama Audacity, vuta mpaka sekunde moja ijaze kioo kizima, uhesabu vilele. Kisha linganisha na rekodi za spishi zote mbili zilizopimwa kwa joto linalokaribiana na lako. Tovuti ya Singing Insects of North America, iliyoanzishwa na Thomas J. Walker wa Chuo Kikuu cha Florida, ina sauti na ramani za hawa wote, na mimi sijawahi kufunga msimu bila kuirudia. Walker ndiye aliyezichambua upya spishi hizi mwaka 1962 na 1963, kwa alama na kwa sauti pamoja.

Kwa hao pacha, Ohio ni mahali pagumu maana wote wawili wapo. Bila rekodi, andika "nigricornis au forbesi" na uishie hapo. Hilo ni jibu kamili. Anayelazimisha jina moja anaharibu ramani za watu wengine.

Tahadhari ya vitabu vya zamani

Ukiokota kitabu kilichochapishwa kabla ya miaka ya 1960 ukasoma kuwa "O. niveus" hulia kwa kukatakata na kupima joto la usiku, usishangae. Kwa miongo mingi nyenje theluji aliitwa niveus kimakosa. Walker alipogundua kuwa jina hilo, lililotolewa na mwanasayansi De Geer karne ya 18, ni la yule wa J, alimpa nyenje theluji jina jipya, fultoni, kwa heshima ya B. B. Fulton, aliyewachunguza nyenje wa mitini wa New York tangu miaka ya 1910. Kwa hiyo unaposoma maandishi ya zamani uliza kwanza: analia vipi, ana J au ana doa?

Hatua ya 8: Andika, kisha mrudishe

Kwa kila mdudu mimi huandika mambo haya kwenye daftari kabla ya kulala: tarehe na saa, mji na jimbo, mmea, joto, dume au jike, alama za pingili ya kwanza na ya pili (mimi huzichora, hata kama mkono ni mbovu), rangi ya tumbo, na mlio. Picha tatu zinatosha: uso, tumbo, mgongo. Ukizipandisha iNaturalist, tovuti ambako watu husaidiana kutambua viumbe, weka ya uso iwe ya kwanza, kwa sababu wanaokusaidia kutoa jina hufungua hiyo kwanza.

Mfano wa daftari langu, wa mwishoni mwa Agosti: dume, kichaka cha rasiberi, uso una alama nne zilizogusana, tumbo jeusi, miguu yenye giza, mlio wa mfululizo. Nikazunguka alama kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembe nyeusi au forbesi. Usiku uliofuata nilirudi na kipimajoto, nikamrekodi anayelia kwenye kichaka hichohicho, nikahesabu mapigo na kuyalinganisha. Yalikuwa ya kasi ya forbesi. Mashahidi wote walikubaliana, kwa hiyo nikaandika jina moja.

Mdudu mwenyewe mrudishe usiku uleule kwenye mmea uleule. Maisha yake ni mafupi. Baridi kali ya kwanza ya Oktoba humaliza wakubwa wote, na kinachovuka majira ya baridi ni mayai tu, yakiwa ndani ya mimea.

Mayai hayo nayo yanasaidia. Novemba, majani yakishapukutika, pita kwenye kichaka cha rasiberi ulikomsikia pembe nyeusi au forbesi na upapase mashina kwa kidole. Utakuta mstari wa vitobo vidogo vilivyopangana kama mshono wa cherehani, mmoja juu ya mwingine, kila kimoja kina yai ndani. Jike wa nyenje theluji hafanyi hivyo. Yeye hutaga moja moja kwenye gome la mti. Shina lenye mshono lifunge uzi wa rangi, umwombe mwenye shamba asilikate wakati wa kupogoa, na mwisho wa Julai urudi hapo na tochi.